Shikamoo, Mjomba

"Karibu, mdogo wangu! Ingia ndani, hapa ni kwenu!"

Pindo aliisikia sauti ya mama yake tangu jikoni, na mkono uliokuwa ukisuuza vikombe ukasimama ndani ya maji. Mama hakuwa mtu wa kukaribisha wageni kwa kelele. Kelele ile ilikuwa imetumwa. Ilitakiwa ipite sebuleni, ivuke ukumbi, imfuate yeye mpaka kwenye karai la vyombo, imuulize: mdogo wake mama yako ni nani kwako, binti? Ni mjomba. Basi.

"Asante, dada," sauti ya mwanamume ikajibu, chini chini, kama mtu anayemeza dawa mbele ya daktari.

Sauti hiyo Pindo angeitambua hata katikati ya soko lililowaka moto. Aliipenda kabla hajampenda mwenyewe. Kwa miezi mingi ilikuwa ikimjia masikioni kwa hedifoni, ikiwauliza wazee wa kisiwa maswali ya wazazi wao na wazazi wa wazazi wao. Mzee akikohoa, sauti ile ilingoja. Mzee akisahau jina la mtoto wake aliyekufa, ilingoja zaidi, haikumharakisha wala haikumsaidia. Pindo alikuwa akiacha cherehani, anafumba macho, anasikiliza kile kimya tu. Mwanamume anayejua kungoja hivyo, alijiambia, akimngoja mwanamke itakuwaje?

"Pindo!" Mama akaita. "Mjomba wako amekuja kuaga. Lete chai, mwanangu, uje umwamkie."

Kuaga. Neno hilo lilimpiga Pindo mahali pasipo na jina. Akashika ukingo wa karai mpaka vidole vikapauka.

*

Yeye ndiye aliyejichimbia shimo, na alijichimbia kwa sindano.

Walikuwa kikundi cha watu wa kujitolea ambao hakuna aliyewatuma. Mwalimu mstaafu ndiye mwenyekiti wao. Mama Posta, aliyegawa barua za watu mpaka akazijua siri za kisiwa kizima, ndiye mdomo wao. Waya, fundi umeme, ndiye aliyekwenda na kinasa sauti nyumba hadi nyumba. Na Pindo, fundi cherehani, jina lake la utani likitokana na mapindo ya nguo yasiyofumuka, ndiye aliyesikiliza sauti zile na kushona koo za kisiwa kwenye kitambaa kikubwa cheupe kilichofunika ukuta mzima wa ghala la zamani la chokaa, kule gatini.

Kwa nini kitambaa? Kwa sababu kisiwani pale wenye nyumba za mawe walikuwa na makaburi ya mawe na picha za fremu, na waliobaki walikuwa na midomo tu. Mwalimu alisema wote lazima wakae kwenye kitambaa kimoja, mwenye kaburi na asiye na kaburi. Uzi mwekundu ni damu. Uzi wa bluu ni ndoa. Uzi wa kijani ni mtoto wa kulelewa. Na sheria yao ilikuwa moja: uzi ukishashonwa haufumuliwi kwa hasira ya mtu wala kwa ombi la mtu, unafumuliwa kwa neno la yule yule aliyesema.

Siku moja Waya alimrekodi Bibi yake Pindo. Akamuuliza habari za marehemu mzee mchoma chokaa, ambaye ndiye baba yake Waya mwenyewe. "Alikuwa nani kwako?" Na Bibi, bila kukohoa, bila kusita, akajibu: "Kaka yangu."

Pindo alishona nyekundu.

Kwa lugha yetu kila mtu ni kaka wa mtu. Muuza mkaa ni kaka, askari ni kaka, mwizi akikamatwa anaomba, "Kaka, nisamehe." Kisiwa kizima kilimsikia Bibi akimwita mzee yule kaka, na hakuna aliyejali, kwa sababu neno likiwa hewani halimgandi mtu. Lakini Pindo alikuwa na hedifoni masikioni, akasikia neno bila uso wa msemaji, akaligandisha kwa uzi. Uchovu wa siku ile, au furaha ya kuona jina la watu wa Waya likisogea karibu na jina la watu wake! Furaha ya kijinga, ya mtu anayependa, asiyetazama mbele ya sindano yake.

Mama alipokuja ghalani kukitazama kitambaa, amevaa vizuri kama anakwenda harusini, alifuata uzi kwa kidole. Kidole kilitoka kwa Bibi, kikaenda kwa mchoma chokaa, kikashuka kwa Waya. Akageuka, akawatazama wawili wale waliokuwa wakitazamana kwa siri ambayo haikuwa siri.

"Kumbe huyu ni mdogo wangu," akasema kwa utulivu. "Basi ni mjomba wako, Pindo. Kuanzia leo mtaamkiana."

Na Mama Posta, ambaye hajawahi kumeza utani ukiwa bado moto, akaangua kicheko: "Mpwa weeee! Mwamkie mjomba!"

Tangu siku hiyo Pindo alivuka barabara kila alipomwona.

*

Sebuleni Waya alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyeambiwa kiti kina mwenyewe. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono imekuwa na makali. Mama alikaa mkabala naye, kwa upana wake wote. Dirishani, miguu juu ya kigoda, Bibi alikuwa amefumba macho. Masikio ya Bibi, kwa maelezo ya Mama, yalikwishastaafu zamani.

Pindo aliweka sinia. Hakumtazama. Alitazama viganja vyake, vile vyenye vialama vyeusi vya kuunguzwa na umeme, ambavyo siku moja tu, ghalani, wakati wa kukunja kitambaa kutoka pande mbili, vilikutana na vyake na havikuondoka upesi.

"Msalimie mjomba wako," Mama akasema.

"Shikamoo." Pindo akapanga vikombe. "Mjomba."

Saa ya ukutani ilisikika, na kijiko kilichotetemeka sinia lilipokuwa likitulia.

"Itikia, mdogo wangu. Umeamkiwa."

"Dada," Waya akasema, "hiyo marahaba imenikwama."

"Kunywa chai, itashuka." Mama akacheka kwa midomo, meno akayaweka akiba. "Haya, Pindo, mjomba wako amepata kazi bara. Kazi ya maana, kampuni kubwa, si hizi friji zetu za kugongagonga. Anaondoka na kivuko cha asubuhi. Tiketi nimemkatia kwa mkono wangu mwenyewe, kiti cha dirishani, nimemchagulia upande usio na jua."

Mama alikuwa karani wa dirisha la kivuko, na kisiwa kizima kilimwita Mama Tiketi. Alikuwa amewakatia tiketi watu wengi katika maisha yake. Pindo hakuwahi kumsikia akimchagulia mtu upande usio na jua.

"Bara kuna mabinti pia," Mama akaendelea. "Usikae sana peke yako, mdogo wangu. Ukipata mtu utuletee tumwone. Huyu mpwa wako atakushonea suti."

"Nitaishona," Pindo akasema, na hakujua sauti ile kavu ameitoa wapi. "Nitaishona vizuri. Niachie vipimo, mjomba."

Waya alinyanyua uso. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ya ghalani, na Pindo alitamani asingetazama. Macho yale hayakuwa ya mtu anayeondoka. Yalikuwa ya mtu anayesukumwa.

Nje sauti ikaita: "Mama Tiketi! Kivuko cha jioni kipo au mmetufungia?"

"Hata nyumbani wananifuata!" Mama akainuka. Akawatazama mmoja mmoja, akamtazama na Bibi aliyelala. "Narudi sasa hivi. Mlango nauacha wazi, hewa iingie."

Haikuwa hewa aliyoihofia.

*

"Ungeniambia," Pindo akanong'ona mara tu visigino vya Mama vilipofika kibarazani. "Mimi ni wa kuipata habari yako kwa kuagizwa chai?"

"Ningekwambia wapi? Ukiniona unavuka barabara."

"Navuka kwa sababu Mama Posta anapiga kelele dirishani, 'Mpwa, mjomba huyo anapita!' Watu wanacheka. Wewe unacheka?"

"Nimewahi kucheka mimi?"

Kwa hilo hakuwahi. Pindo akakaa pale alipokuwa amekaa Mama, kisha akainuka kwa sababu kiti kilikuwa bado cha moto, akasimama.

"Mkono ulioshona ni wangu," akasema.

"Mdomo uliouliza ni wangu. Tusigombanie kosa, Pindo, linatutosha wote." Waya akamtazama Bibi, akashusha sauti zaidi. "Ulimuuliza tena?"

"Nilimuuliza. Nilikuwa namsuka, nikamuuliza taratibu, 'Bibi, yule mzee ni kaka yako wa tumbo moja?' Akaniondoa mikono kichwani. Nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Akakaa hivyo mpaka siku ya pili."

"Basi alichosema ndicho."

"Mtu mwenye neno la kweli hakai na nusu kichwa!" Pindo akajizuia asipaze sauti. "Lakini wewe, mbona hukurudi kumuuliza? Wewe ndiye muulizaji. Wazee wa kisiwa chote umewatoa maneno yaliyooza ndani yao. Huyu mmoja, bibi yangu, umemwogopa?"

Waya alinyamaza. Pindo alikuwa amekijua kila kimya chake kwa hedifoni, na hiki hakikuwemo. Kilikuwa kimya cha mtu anayejificha.

"Naogopa atajibu," hatimaye akasema.

"Sijakuelewa."

Waya akanyoosha mkono, akagusa ukuta nyuma ya kiti chake. Chokaa nyeupe ikamwachia unga vidoleni.

"Baba yangu alishushwa gatini akiwa kijana, yeye na wenzake, kama mizigo. Hakuna aliyeuliza wametoka wapi. Waliwekwa kwenye tanuri, wakachoma chokaa, na chokaa hiyo ikapaka nyumba zenu zote zikang'aa mpaka meli zinaziona kutoka mbali. Huu ukuta labda ni jasho lake. Wenzake walikufa vifua vimejaa vumbi, wakazikwa kule nyuma ya tanuri ambako leo watu wanafunga mbuzi. Wewe pale kitambaani una matawi mpaka mmehitaji kuunga kitambaa kingine. Baba yangu ana nyuzi ngapi kwenda nyuma? Unajua, wewe ndiye fundi. Ngapi?"

Pindo alijua.

"Mmoja," Waya akasema. "Huo mwekundu. Siku uliposhona nilisimama pale ghalani watu wote walipoondoka, nikasema, 'Baba, umepata kwenu.' Nikajiambia labda mzee wenu alizaa mtoto huko ng'ambo, nikafurahi, Pindo. Nilifurahi kama mtoto. Sikutazama uzi unakwenda kumfunga nani."

"Na sasa?"

"Nikiufumua, baba yangu anabaki anaelea. Nisipoufumua, wewe unaniamkia."

Machozi yalimjia Pindo, na yalikuja na hasira, kwa sababu alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga, na yote mawili yalikuwa haramu kwa mpwa.

"Kwa hiyo umeamua kwenda bara ili usichague."

"Ndiyo."

"Huko ndiko kuchagua! Umemchagua yeye. Sikulaumu, ni baba yako. Lakini usiniage kama umefukuzwa na mama yangu. Umejifukuza."

Kutoka nje walimsikia Mama akimweleza mtu kwamba kivuko hakingoji mtu aliyesahau kofia. Waya alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile alisimama kwa urefu wake wote, na chumba kikawa kidogo.

"Ufumue," akasema.

"Nini?"

"Ufumue leo. Baba alikuwa mtu wa kusamehe, alisamehe hata ambao hawakumwomba. Na mimi atanisamehe. Naweza kuishi bila kujua nimetoka wapi, nimezoea. Kuishi nikikuita mpwa siwezi. Nimejaribu wiki hizi zote, hata marahaba moja imenishinda."

Pindo alitikisa kichwa, machozi yakidondoka sasa bila ruhusa. "Siwezi. Unaijua sheria yetu. Tukifumua kwa kuwa tunapendana, kesho tajiri atakuja afumue wajukuu wa mjakazi wake. Mpaka aliyesema aseme."

"Basi aliyesema yupo hapa," ikasema sauti dirishani.

Bibi alikuwa amefumbua macho. Yalikuwa macho ya mtu ambaye hakuwa amelala hata kidogo. Na mlangoni, mkono kwenye kitasa, Mama alikuwa amerudi.

*

"Hakuwa kaka yangu," Bibi akasema.

"Mama, lala," Mama akasema upesi. "Umeota."

"Maisha yangu yote nimelala, mwanangu. Leo nimeamka, unaniambia nilale tena?" Akashusha miguu kutoka kwenye kigoda, mmoja, kisha mwingine. "Kijana, kaa. Wewe unafanana naye ukikaa kuliko ukisimama."

Waya akakaa. Hakuna aliyemwambia Pindo akae, naye akakaa sakafuni, miguuni pa Bibi, kama alivyokaa utotoni.

"Alikuja kuniposa," Bibi akasema. "Alikuja peke yake, kwa sababu hakuwa na mzee wa kumtuma. Shati la kuazima, na ukosi wake ulikuwa na unga wa chokaa. Baba yangu alikuwa barazani na watu wake wakubwa wakubwa. Nami nipo nyuma ya pazia, moyo unanipiga mpaka nikaogopa pazia litatikisika. Nilimwambia mwenyewe aje. Nilimwambia, baba yangu akikutukana, vumilia, nitatoroka na wewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi."

"Akamtukana?" Waya akauliza.

"Laiti angemtukana!" Bibi akapiga mkono wa kiti. "Angemfukuza kwa fimbo ningemfuata na fimbo yake mgongoni. Baba yangu alikuwa na akili kuliko hivyo. Aliinuka, akamkumbatia mbele ya watu. Akasema, 'Kijana asiye na baba kisiwani kwetu? Haiwezekani! Tangu leo wewe ni mwanangu, na binti yangu ni dada yako.' Watu wakapiga makofi. Wakasema, jamani, mzee ana roho nzuri. Na yule maskini atasema nini? Amekuja kuomba mke, amepewa ukoo. Atakataa? Atamwambia mzee mbele ya watu kwamba hataki kuwa mwanawe? Alibusu mkono. Nilimwona kwa upenyo wa pazia akibusu mkono uliomkata."

Ndivyo wanavyonyima wakubwa wakitaka kunyima vizuri. Hawakupigi, maana aliyepigwa ana kovu la kuonyesha watu. Wanakupa kitu chenye ukubwa ule ule wa kitu walichokunyang'anya, wanakupa hadharani, na unalazimika kushukuru. Mzee yule alikufa akisifiwa kwa tendo lile, na waliopiga makofi walipokufa nao, likabaki neno kaka peke yake.

"Nikaolewa na mume wangu," Bibi akaendelea. "Mtu mwema, simsemi vibaya. Na lile neno nikalishika. Walilifanya kamba ya kutufunga, nami nikalifanya mlango. Kwa kuwa alikuwa kaka, nilimpelekea chakula mchana kweupe. Kwa kuwa alikuwa kaka, alipougua nilikaa kwake. Alipokufa nililia mpaka nikaanguka, watu wakasema, mwacheni, ni kaka yake. Ningelisema hakuwa kaka, kilio kile ningekilia wapi?" Akamtazama Pindo. "Ndiyo maana nilikutoa mikono kichwani. Ulitaka kuninyang'anya neno nililobaki nalo."

Pindo akaegemeza shavu kwenye goti la Bibi.

"Nyamaza, Mama." Sauti ya Mama ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya Mama Tiketi wa dirishani. Ilikuwa ya mtoto. "Nakuomba unyamaze. Huyajui unayoyafungua."

"Ninayajua."

"Huyajui! Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kwake na bakuli. Watu walikuwa wananishika kidevu njiani, wananigeuzia kwenye mwanga. 'Hebu tumwone huyu. Kafanana na nani?' Sikuelewa. Nilipokua nikaelewa." Mama aliegemea mlango. "Nikashukuru kuna hilo neno kaka. Akiwa kaka yako, mimi ni mtoto wa baba yangu. Asipokuwa kaka yako, mimi ni mtoto wa nani? Na huyu kijana ni nani wangu? Mnadhani nawakatalia kwa sababu ya tanuri! Nilipouona ule uzi nilitaka kuubusu. Uliniokoa. Na uliwaokoa nyinyi, kwa sababu mimi nilikuwa nikiwatazama mnavyopendana na nilikuwa sipati usingizi. Nikihofu, je, kama ni damu kweli?"

Chumba kilipoa. Pindo alimtazama Waya. Kumbe chini ya shimo kulikuwa na shimo. Kama Mama alikuwa mtoto wa mchoma chokaa, basi ule uzi ungeweza kufumuliwa leo na kushonwa upya kesho, nyekundu ile ile, na safari hii bila kosa.

"Njoo," Bibi akamwambia Mama.

Mama hakusogea.

"Njoo hapa, wewe mtoto."

Mama akaenda. Mwanamke mzima, mwenye funguo za ofisi kiunoni, akapiga magoti kando ya binti yake. Bibi akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, kama walivyomfanyia njiani.

"Umefanana na baba yako, basi. Una hata ubishi wake. Nilipokuwa na mimba yako, na kabla yake, yule mwingine hakuwepo kisiwani. Walimhamishia tanuri la kisiwa cha pili, akarudi wewe unafukuza kuku uani. Muulize Mwalimu, baba yake alikwenda chombo kimoja naye. Na hata angekuwepo. Yule mwanamume hakunishika hata kidole. Nilimfuta jasho la mauti kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa katikati."

Mama aliweka kichwa mapajani mwa Bibi. Mabega yalianza kumtikisika.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje mimi?"

"Na mimi ningekujibuje?" Bibi akampapasa. "Haya. Tumeogopana mpaka tumezeeka."

Waya alikuwa amesimama, hajui aondoke au abaki. Bibi alimwona.

"Nitakwenda ghalani mwenyewe. Nitawaambia kwa mdomo wangu, mbele ya wote, na kile chombo chako ukiwashe."

"Watu watacheka, Shangazi," Waya akasema, kisha akajiuma ulimi kwa neno lile. "Bibi. Watacheka."

"Wacheke. Wengi wao nimewaona wakinyonya."

"Na baba?" Sauti ya Waya ilikuwa ndogo. "Ukishasema, yeye atabaki na nani?"

"Na wewe. Pale kitambaani hapana mahali peupe? Muanzisheni hapo. Ukoo wetu nao ulianza na mtu aliyeshuka chomboni akiwa hajui aende wapi. Tofauti ni kwamba wetu alikuja na mtu wa kumwandika."

Mama alijifuta uso kwa kiganja, akainuka. Alijinyoosha nguo, akajirudishia ukubwa wake kidogo kidogo, akaenda mpaka mbele ya Waya akanyoosha mkono.

"Lete hiyo tiketi."

"Dada?"

"Lete tiketi. Na usiniite dada."

Waya akaitoa mfukoni. Mama aliichana mara mbili, kwa ustadi wa mtu anayechana tiketi kila siku, akatia vipande kwenye kikombe chenye chai isiyoguswa.

"Kesho usije dirishani kwangu. Sikuuzii. Mlete mzee wako tuzungumze."

"Sina mzee, da... Sina mzee, Mama."

"Huji peke yako kwenye nyumba hii," Mama akasema kwa ukali uliokuwa na kilio ndani yake. "Asije mtu tena peke yake kwenye nyumba hii. Mchukue Mwalimu. Mchukue Mama Posta, kwa mdomo ule nani atakataa?"

*

Pindo alimsindikiza Waya mpaka kwenye ngazi za kibaraza. Majirani walikuwa wakipita, na mmoja akasita makusudi. Walisimama wakiwa wameachana nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Haya," Waya akasema.

"Haya."

Alitaka kumwita, na hakupata neno. Mjomba lilikuwa limekufa, na lililo baada ya mjomba lilikuwa bado halijaruhusiwa. Waya naye alifungua mdomo, akaufunga, akacheka, na Pindo akakisikia kicheko chake kwa mara ya kwanza bila hedifoni. Kisha akashuka ngazi. Akageuka kwenye kona. Akageuka tena pale ambapo hapakuwa na sababu ya kugeuka.

Aliporudi ndani, Mama alikuwa jikoni, akigongesha vyombo kwa nguvu ili asisikike analia. Bibi alikuwa bado dirishani, uso nje, kule gatini. Pindo akakaa miguuni pake. Moyo wake ulikuwa umejaa mpaka unauma, na ndani ya ujazo ule kulikuwa na swali asilokuwa na haki ya kuliuliza.

"Bibi."

"Mh."

"Yeye alikuwa anakuitaje? Si mbele za watu. Mkiwa wawili."

Bibi hakugeuka. Alikaa kimya kirefu, na Pindo hakumharakisha wala hakumsaidia.

"Hatukuwahi kuwa wawili," akasema.